Jina la Mwenye Biashara

Nani alinizaa, nani alinilea na nani aliniacha, hayo waulizeni wengine. Katika ukoo wetu wamejaa watu wasio na kazi ila kuyasimulia. Mimi nnataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka 1970, na huo nao ningeuacha upite kama si Nasra kunijia Ijumaa iliyopita hapa nyumbani kwangu Azaiba. Alikuwa Uholanzi kwa mwanawe miaka mingi, na mimi nilishajizuia kumtarajia. Nasikia kengele, nafungua mlango, namuona kibibi kasimama na mkongojo, ananitazama juu mpaka chini. "Zuwena," akasema, hata salamu hakutoa, "mbona umekuwa mfupi hivi?" Nikamwambia, "Mimi sijapungua hata inchi. Wewe ndiye uliyezoea Waholanzi." Tukakumbatiana pale pale mlangoni mpaka mkongojo ukaanguka. Alipokwisha kukaa na kumaliza vikombe viwili vya chai, akafungua mkoba wake, akatoa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, iliyokunjwa mara nane, maandishi yake rangi ya buluu iliyokwajuka. Ilikuwa nakala ya kaboni. Nikaijua kabla hajaikunjua. Moyo ulinienda mbio kama msichana, nami mwanamke mwenye maduka manne na karakana Sib inayoshona nguo za skuli za nusu ya nchi hii. Nayataja hayo si kwa kujivuna. Basi, tuseme kwa kujivuna. Sikusoma, nina darasa nne na msahafu, na kila nilichonacho kimepita katika ncha ya sindano.

Nilifika Matrah, huku Arabuni, mwezi wa Septemba mwaka huo, baada ya miaka sita Portsmouth, Uingereza. Utawala ulikuwa umebadilika, milango imefunguliwa, na watu wetu waliotawanyika tangu mapinduzi ya Unguja, mwaka sitini na nne, wakawa wanarudi kwa kila chombo kinachoruka na kinachoelea. Mimi nilikuja na sanduku moja la nguo, cherehani ya mkono niliyoibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga, na mkebe wa biskuti. Nikafikia kwa Ami Seif, ndugu wa baba yangu, na nyumba yake ilikuwa imejaa mpaka ngazini. Chini ilikuwa sabla, chumba cha wanaume, na mazulia yake na mito na dele la kahawa lisilopoa. Juu ya sabla hiyo hiyo kilikuwa chumba chetu wanawake, na sakafuni, pembeni, palikuwa na kitundu kilichopitishiwa zamani bomba la nani anajua nini. Bomba halikuwepo tena, ila maneno ya chini yote yalipanda kwa hicho kitundu, na moshi wa bakhuri pamoja nayo. Bi Raya, mke wa ami, alikuwa na mto wake maalumu wa kulalia pale. Alisema ndipo penye upepo. Upepo gani, Yarabi, mwezi wa Septemba Matrah! Tulikuwa tunachovya shuka katika maji ndipo tupate kusinzia mchana.

Siwezi kuieleza furaha ya nyumba ile kwa mtu ambaye hakuiona. Kila siku khabari mpya. Wanatafutwa walimu, wanatafutwa makarani, anayejua kupiga taipu hata kwa kidole kimoja anaajiriwa kabla hajavua viatu. Nasra, binti wa ami, alikuwa mwalimu Unguja, na kila asubuhi alivaa gauni lake la kazi akakaa nalo juu ya kitanda akingoja kuitwa. Chakula kikiletwa, wali na nguru wa kukaanga na ndimu kavu, watu walikula huku wanasema, wanasema huku wanacheka, na mara mtu anaacha tonge mkononi kwa kuwa amesikia mlango chini. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshaolewa na kuachwa, na nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya wali.

Siku moja baada ya chakula, Bi Raya akanipungia mkono kutoka kwenye mto wake. "Njoo, njoo upesi. Wanakusema." Nikalala kifudifudi, sikio kwenye kitundu. Ami alikuwa anawaelezea wageni wake. Kuna hospitali inatayarishwa, alisema, na inataka nguo za wauguzi, mashuka, mapazia, na nguo za wagonjwa. Mngereza wa stoo anatafuta mtu wa kumpa kazi yote, mwaka mzima. "Nimeshampa jina langu," akasema ami. "Fundi nnaye ndani. Zuwena yule, mkono wake ni mashine." Mmoja akamuuliza, "Na yeye amekubali?" Ami akacheka. "Akubali nini? Mtoto wa ndugu yangu, anakula kwangu, atashona kwangu." Kisha nikamsikia anawaonesha kizibao chake, kama alivyomuonesha kila mgeni aliyeingia nyumba ile: kizibao cha sufu ya kijivu chenye milia ya damu ya mzee, alichokivaa juu ya kanzu siku za heshima hata jua likipasua mawe. "London hiki," akasema. "Duka la wakubwa. Tazama mshono. Hapa hapana mkono wa fundi wa kwetu."

Nikainuka. Bi Raya akanitazama usoni, akanisogezea mto wake.

Jioni ile nikamkabili ami ngazini. Nikamwambia, "Ami, kazi ile ya hospitali. Na mimi?" Akasema, "Wewe utashona, mwanangu. Utakula, utavaa, hutokosa kitu." Nikamwambia sikuuliza kula. Akakunja uso, lakini hakukasirika. Mtu huyu hakuwa mbaya, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu. "Hapa si Portsmouth," akasema. "Watu watasema Seif kamtoa mtoto wa nduguye akajitafutie kazi kwa Wazungu. Na huyo Mngereza atakwambia nini? Atakuuliza nani mwajiri wako, uliwahi kufanya biashara wapi, karatasi yako iko wapi. Unayo karatasi?" Sikuwa nayo. Nilikuwa na cherehani na mkebe wa biskuti.

Sasa tazama Mungu alivyopanga. Haikupita wiki, akaja jamaa kutoka Portsmouth, na ndani ya sanduku lake mlikuwa na bahasha ya rangi ya mchanga iliyokuja kwenye chumba changu cha zamani, juu ya duka la muuza samaki. Ami aliiona, akaijua kwa muhuri wake kuwa ni ya serikali, akabadilika rangi. "Hii kodi," akasema. "Mngereza anakudai. Itie motoni. Mtu akishatoka katika nyumba ya watu haitwi arudi kuosha vyombo." Akaiweka juu ya kabati kwa vidole viwili, kama kitu kilichokufa. Nasra akaishusha ami alipoondoka, akaichana, akaanza kusoma, midomo inacheza. Halafu akapiga ukelele. "Shoga! Hawakudai! Wanakuuliza!" "Wananiuliza nini?" "Wanakuuliza wewe ni nani."

Ilikuwa fomu ya hesabu za kodi, kurasa kadhaa, na kila mwaka kule nilikuwa napelekewa, na kila mwaka mke wa muuza samaki alinijazia kwa haraka katikati ya wateja wake, mimi natia sahihi tu, sijui nini nimekiri. Sasa Nasra akanisomea neno kwa neno. Palikuwa na sehemu ya mtu aliyeajiriwa, aandike jina la mwajiri wake. Na palikuwa na sehemu nyingine, ya mtu anayejifanyia kazi mwenyewe. Jina la mwenye biashara. Kazi yake nini. Anaifanyia wapi. Hesabu zake zinaishia siku gani. Alipata nini, akatumia nini. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia lile la kwanza. "Jina la mwenye biashara," akasema Nasra. Mimi na yeye tukatazamana, na wallahi nywele zilinisimama. Ami alisema sina karatasi. Serikali nzima ya Uingereza imeniandikia mpaka Matrah kuniomba niijaze mwenyewe!

Tukafunga mlango, tukatandika mkeka, Nasra akatia kaboni na karatasi nyembamba chini ya fomu, nikaumimina mkebe. Niseme jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, maana vijana wangu wa karakana wakisikia hucheka. Mimi kuandika kulikuwa kunanichosha. Basi kila nguo niliyoimaliza nilikata kipande cha kitambaa chake, ukubwa wa kucha ya dole gumba, nikakitunga kwenye uzi. Uzi mmoja, mwezi mmoja. Baada ya kila kipande nilifunga mafundo, kila fundo shilingi ya ushoni. Mteja ambaye bado hajalipa, kipande chake nilikipindua ndani nje. Nyuzi kumi na mbili za mwaka ulioulizwa zikalala mkekani kama tasbihi za rangi, hariri na pamba na mahameli, na kila nilichokigusa nilimkumbuka mwenyewe: huyu bibi harusi aliyenenepa wiki ya mwisho, huyu nesi aliyetaka mifuko minne, huyu mke wa baharia aliyelia hapo kitini pangu nikishona. Nasra anahesabu mafundo, mimi nasimulia, Bi Raya kaacha hata kitundu chake. "Subiri," akasema Nasra, ameshika kipande kimoja. "Hiki hakina fundo hata moja." Nikamwambia ni zawadi, kisihesabiwe. Akakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa sufu ya kijivu, na mlia wa damu ya mzee. Akanitazama. Nikamwambia, "Endelea, mwalimu, kinachofuata hicho."

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mwaka. "Hapa wanataka Aprili mpaka Aprili," akasema Nasra. Nikamuuliza, "Aprili kuna nini? Nani anashonesha nguo Aprili?" Mimi mwaka wangu ulianza Ramadhani na kwisha Shaabani, kwa kuwa Ramadhani ndiyo watu wanapoleta vitambaa vya Idi, na kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyotoa zaka yangu. Uzi wa kwanza ni Ramadhani, wa kumi na mbili Shaabani. Nikivifumua vipande nivipange kwa Aprili, nitakuwa nimesema uongo. Nasra alifikiri sana, akauma kalamu, halafu akaandika penye siku ya mwisho wa hesabu: mwisho wa Shaabani. Kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kialimu, unapendeza kama tarizi.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa chai, na huo ulichukua mchana mzima. Fomu ilitaka matumizi ya kazi tu, yasiyochanganyika na kingine. Sindano, sawa. Nyuzi, mafuta ya cherehani, nusu ya kodi ya chumba, sawa. "Na chai," nikasema. "Chai gani?" "Chai ya wateja. Na maandazi." Nasra akasema chai ni ya nyumbani. Nikamwambia, mimi peke yangu nilikuwa nakunywa kikombe kimoja kwa siku. Vile vingine kumi walikunywa nani, majini? Tukamwachia Bi Raya aamue, naye akakaa sawa kama kadhi. "Mteja akija hakupewa chai, hatokaa," akasema. "Asipokaa, hapimwi vizuri. Asipopimwa vizuri, nguo itambana. Nguo ikimbana, harudi. Chai ni ya kazi. Andika." Nasra akaandika, anacheka mpaka kalamu inatetema: chai, maziwa, sukari na maandazi ya wateja. Kisha akafika sehemu ya mwajiri. Hapo hatukucheka. Akaniangalia. "Kata," nikamwambia. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja mrefu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Mpaka leo nausikia ule mkwaruzo.

Mngereza wa stoo alikuja Alkhamisi asubuhi. Tulimsikia kwa kitundu: mtu mnene kwa sauti, anahema kwa joto, anasifia halwa. Ami kavaa kizibao chake, jasho linamtiririka, anamfasiria kila mgeni. Barua ya kazi ilikuwa tayari imepigwa taipu na jina la ami juu yake. Ilibaki sahihi tu. Nasra akanisukuma. "Sasa," akasema, "au ushone kwa jina la watu maisha yako yote." Bi Raya ndiye aliyenitengeneza buibui begani, na ndiye aliyenipa mkebe nilipousahau. Nikashuka. Ngazi zile zilikuwa kumi na tatu. Mwanamke wa nyumba ile alikuwa hajapata kuingia sabla na mgeni yumo ndani, na mimi niliingia, nikatoa salamu, nikavua viatu, nikakaa. Dele la kahawa lilikoma hewani. Ami alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Zuwena, rudi juu." Nikamwambia, "Nitarudi, ami. Nimeleta karatasi uliyoniuliza."

Nikaiweka fomu mbele ya Mngereza, pembeni ya sahani ya halwa. Akafuta vidole, akaisoma, nyusi zinapanda. Kiingereza changu kilikuwa cha kitambaa na vifungo, lakini kilinitosha. "Yako hii?" "Yangu." "Nani alikuajiri huko?" "Tazama penye mstari." Akatazama. Akageuza ukurasa, akasita, akausogeza karibu na macho, na mara tumbo lake likaanza kucheka kabla ya mdomo. "Maandazi!" akasema, hilo neno Nasra alikuwa amelikosa tafsiri akaliacha kama lilivyo. "Bibi, watakukatalia hiyo chai. Mimi nawajua watu wangu." Nikamwambia, "Wakate. Mimi nimewaambia kweli." Akacheka mpaka akafuta macho, halafu akaacha ghafla, akamgeukia ami. "Bwana Seif, samahani, nataka kufahamu. Barua hii niliandika jina lako. Fundi ni nani, na biashara ni ya nani?"

Kila mtu mule ndani alijua jibu moja lingemfanya ami kuwa muongo na jingine lingemfanya mdogo. Ami akanyoosha mkono, akaichukua fomu. Kiingereza alikijua kuliko sote, alikuwa karani miaka ishirini, lakini karatasi ile alitaka ichomwe bila ya kuisoma. Sasa akaisoma, polepole, kidole kinafuata mistari. Kisha akauvuta mkebe, akachomoa uzi mmoja, akaupitisha vidoleni, na mwengine, na mwengine. "Vyote hivi umeshona wewe?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Vyote." Kidole chake kikasimama. Nilijua kimesimama wapi. Sufu ya kijivu, mlia wa damu ya mzee, haina fundo. Akakitazama kile kipande, akainamisha kichwa akakitazama kifua chake mwenyewe, akakishika kizibao kwa upindo na kulinganisha. Karibu miaka miwili alikuwa akiwaonesha watu mshono wangu. Nilikipeleka Idi kwa mkono wa msafiri, msafiri akasema kimetoka London, na mimi sikupata kusema vingine kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitalala wapi. Ami akamwambia Mngereza, "Nipe kalamu yako." Akaiweka barua gotini, akalikata jina lake, mstari mmoja, nadhifu, na juu yake akaandika langu kwa herufi kubwa. Akaipuliza wino ukauke. Halafu akamgeukia yule aliyekuwa bado kasimama na dele, akamkaripia kama kwamba kosa lote lilikuwa lake: "We umeganda nini? Mpe kahawa mwenye biashara!"

Juu ya vichwa vyetu, kwenye kitundu, tukasikia wanawake wawili wanapiga vigelegele. Mngereza aliruka, halwa ikamwagika juu ya suruali yake.

Majibu kutoka Uingereza yalikuja baada ya Idi, wakati mimi nina cherehani tatu na mashuka yamejaa mpaka darini, na Nasra ameitwa kufundisha. Walishukuru kwa hesabu. Waliniuliza, kwa adabu, mwisho wa Shaabani ni tarehe ngapi kwa kalenda yao. Na chai waliikata. Ami ndiye aliyenisomea, na alipofika penye chai alikasirika kuliko mimi. Alitaka tuwaandikie tena. Kizibao hakukiacha mpaka siku zake za mwisho, ila maneno aliyabadilisha. Alikuwa akiwaambia wageni, "Tazama mshono. Huyu fundi, kumpata shida, ana kazi nyingi. Mimi mwenyewe nangoja foleni."

Ijumaa ile Nasra alipomaliza kunisomea nakala yake, tukawa hoi kwa kicheko, mashavu yamelowa. Akatoa kitambaa mkobani, pamba ya kizambarau, akasema kule Uholanzi hakuna anayejua kushona gauni la mtu mwenye umbo la kweli. Karakana yangu ina mashine za umeme na vijana wenye vyeti, lakini nilimsimamisha mwenyewe sebuleni, nikampima mwenyewe. Halafu nikauleta mkebe. Nikakata kipande ukubwa wa kucha, nikakitunga kwenye uzi, nikaurudisha uzi mahali pake.

"Umesahau mafundo," akasema Nasra, macho yake bado makali. "Unaandika vipi hesabu yako?"

Nikamwambia anywe chai yake aniwache. Biashara ina jina la mwenyewe.